Neville Southall alikuwa kipa bora duniani katikati ya miaka ya 80. Kwa nini hatajwi?

#1 BluuDamu
Salaam wakuu. Juzi kibanda umiza, mechi haijaanza, ukazuka ubishi wa makipa wa zamani. Wakatajwa Zoff, Dasaev, Schumacher, Pfaff, Shilton. Nikamtaja Neville Southall wa Everton na Wales, nusu ya watu wakaniuliza ndiye nani huyo. Imeniuma.

Huyu bwana kazaliwa Llandudno, kaskazini mwa Wales, Septemba 1958. Kazoa taka, kafanya kazi mgahawani, kawa saidia fundi anapandisha matofali, huku anadaka timu za ridhaa. Ana miaka 21 alikuwa bado yuko Winsford United, timu isiyo ya ligi kuu wala ya daraja lolote la kulipwa. Miaka mitano mbele, 1985, waandishi wa Uingereza wanamchagua mchezaji bora wa mwaka. Kipa! Na tangu mwaka huo hadi leo hakuna kipa mwingine aliyeipata tuzo hiyo.

Swali langu ni moja: ilikuwaje mtu wa kiwango hicho akasahaulika namna hii? Nawasikiliza.

#2 Chenga Mbili
Nafuatilia. Ila mkuu, kama alitwaa Kombe la Klabu Bingwa Ulaya na Everton, atasahaulikaje?

#3 Takwimu Tu
#2, hapana. Everton hawajawahi kutwaa Klabu Bingwa Ulaya. Mwaka 1985 walitwaa Kombe la Washindi, fainali Rotterdam dhidi ya Rapid Vienna, 3-1. Vikombe vyake ni hivi: FA 1984 na 1995, ligi 1985 na 1987, na hilo la Ulaya. Mechi 751 akiwa Everton, hakuna aliyemfikia pale. Wales mechi 92.

#4 Mzee wa Redio
Vijana, mimi nilimsikia kabla sijamwona. Sisi Tanga Jumamosi jioni tulikuwa tunakaa barazani na redio ya mbao, masafa mafupi, tunasikiliza ligi ya Kiingereza huku sauti inakuja inakwenda kama mawimbi. Mtangazaji akisema "Southall" kwa kupaza, basi unajua goli limekosekana. Nilikuwa na picha yangu kichwani: mtu mwembamba, mrefu, anaruka kama paka. Nilipomwona kwenye kanda ya video mwaka 1989 nikashangaa. Mtu mpana, nywele timutimu, masharubu, soksi zimeshuka, jezi imemtoka nje. Kama kaitwa kutoka jikoni aje adake.

Nadhani jibu lako liko hapo, BluuDamu. Hakuwa na sura ya bango.

#5 Kop254
Mimi ni wa Liverpool, nitasema ukweli hata kama unauma upande wenu. Novemba 1982, Goodison, uwanja wenu Everton, Liverpool walishinda 5-0 na Ian Rush akafunga manne. Kipa alikuwa Southall wenu. Baada ya pale akatolewa kikosini na kupelekwa kwa mkopo Port Vale, daraja la chini. Kipa bora wa dunia hafungwi manne na mtu mmoja.

#6 BluuDamu
@Kop254 nilijua utakuja na hiyo. Sema na yaliyobaki basi. Everton walicheza muda mrefu wakiwa kumi, beki wao Glenn Keeley alitolewa kwa kadi nyekundu akiwa ndiyo kwanza anacheza mechi yake ya kwanza. Na huyo Rush ni Mwales mwenzake, walikuwa wanakaa chumba kimoja cha kubadilishia nguo timu ya taifa. Southall alikwenda Port Vale mechi tisa, akarudi, na msimu uliofuata ndiye aliyesimama Wembley Mei 1984, Everton 2 Watford 0. Kilichonivutia mimi si zile tano. Ni kwamba alirudi.

#7 Nyanda wa Mtaa
Mimi nimedaka miaka kumi na moja, madaraja ya chini huku kwetu. Naomba niseme kama kipa.

Tafuteni ile mechi ya Tottenham na Everton, White Hart Lane, tarehe 3 Aprili 1985. Timu mbili za juu zinagombea ubingwa. Everton wanaongoza 2-1, mechi inaelekea ukingoni. Mpira unaingia, Mark Falco anaupiga kichwa akiwa hatua chache tu toka mstarini. Kichwa kimelenga juu, chini kidogo ya mtambaa panya. Angalia miguu ya Southall, usiangalie mikono. Hajaruka mapema. Makipa wengi, nami nikiwemo, mshambuliaji akiinuka tunainuka naye, basi mpira ukija pengine tumeshakwisha. Yeye amebaki chini, magoti yamekunjika, uzito uko mbele ya nyayo. Mpira unatoka kwenye kichwa ndipo anaondoka, na mkono unaupandisha juu ya mwamba. Kisha anainuka anaanza kuwapanga mabeki kwa ajili ya kona. Hakupiga ngumi hewani, hakulala chini.

Hiyo ndiyo iliyowapa ubingwa ule, naamini hivyo.

#8 Binti Kona
Nyanda wa Mtaa, asante. Nimeenda kuitazama mara sita baada ya kusoma ulivyoeleza, na ni kweli kuhusu miguu. Nadaka timu ya wanawake ya chuo. Mwalimu wetu anatufundisha "ruka naye". Nitampelekea hii.

#9 MtambaaPanya
Sababu ni Heysel, nashangaa hamjaitaja. Mei 29, 1985, Brussels, Liverpool na Juventus, watu 39 wakafa. Klabu za Kiingereza zikafungiwa Ulaya miaka mitano. Nani alikuwa bingwa wa Uingereza mwaka huo? Everton. Waliwatoa Bayern Munich nusu fainali ya Kombe la Washindi 3-1 Goodison, wakawa tayari kwa Klabu Bingwa, na mlango ukafungwa usoni mwao kwa jambo ambalo hawakulifanya. Southall alikuwa na miaka 26. Hiyo ndiyo miaka ambayo Mtaliano, Mjerumani na Mreno wangemwona kila baada ya wiki mbili. Wakatwaa ubingwa tena 1987, bado kifungo. Jina linajengwa kwenye usiku wa Ulaya.

#10 Kop254
Hapo siwezi kubisha, na sitatania. Watu walikufa.

#11 Cardiff kwa Sasa
Habari zenu. Mimi niko Cardiff mwaka wa tisa, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Huku ukimwuliza mzee wa Kiwales kuhusu Southall hakuambii Heysel. Anakuambia Kombe la Dunia.

Wales walicheza Kombe la Dunia 1958, wakafika robo fainali, Pelé mwenye miaka 17 akawafunga 1-0. Kipa wao alikuwa Jack Kelsey wa Arsenal. Baada ya hapo hawakurudi mpaka Qatar 2022. Miaka 64! Southall kazaliwa miezi mitatu baada ya ile robo fainali, na alistaafu timu ya taifa 1997. Maisha yake yote ya mpira yameangukia ndani ya shimo hilo.

Na walikaribia. Septemba 1985, uwanja wa Ninian Park hapahapa Cardiff, wanahitaji kuifunga Uskoti. Mark Hughes kafunga mapema. Imebaki kama dakika kumi, mpira unagonga mkono wa mchezaji wa Wales, penalti. Davie Cooper anapiga, Southall anajitupa upande uleule, mpira unapita. 1-1. Kocha wa Uskoti, Jock Stein, akaanguka mwishoni mwa mechi na kufariki usiku huohuo uwanjani. Kuna mzee mmoja ninayemhudumia alikuwepo. Anasema alitoka uwanjani hajui alie kwa lipi.

#12 Takwimu Tu
Ongezea Romania, Novemba 17, 1993. Ushindi ungewapeleka Kombe la Dunia, Marekani 1994. Hagi anapiga shuti la mbali, linampita Southall chini ya mwili. Dean Saunders anasawazisha. Wales wanapata penalti, Paul Bodin anagonga mwamba. Dakika za mwisho Raducioiu anafunga, 2-1.

#13 Kop254
Hilo la Hagi ni kosa la kipa. Tuseme tu. Shuti lile Southall wa 1985 angelidaka amefumba macho.

#14 Nyanda wa Mtaa
Ni kosa, ndiyo. Lakini kila mtu huku anakumbuka Bodin ndiye aliyewakosesha, na hiyo siyo haki kwa Bodin. Kipa akikosea dakika ya 30 na mwenzake akikosa penalti kipindi cha pili, lawama humwendea wa pili. Hiyo nimeiishi pande zote mbili.

#15 Saidia Fundi
Mimi nimeingia kwa sababu ya neno saidia fundi kule juu, ndiyo kazi yangu, Kigamboni. Jamani mnajua kazi hiyo inamfanya nini mtu mabega na mgongo? Unapanda ngazi na karai kichwani au matofali begani, miguu inatafuta mbao bila kuangalia. Ukikosea hatua moja umeua mtu. Ukiniambia mtu aliyefanya hivyo alikuwa na miguu imara golini, mimi sihitaji maelezo ya kocha.

#16 Binti Kona
#15 hii sijaisikia popote, na naiamini.

#17 Chenga Mbili
Halafu Everton walimnunua bei gani kutoka Bangor? Nasikia laki moja na nusu.

#18 Takwimu Tu
Bangor City alipita akiwa kijana tu. Kutoka Winsford alikwenda Bury 1980 kwa pauni 6,000. Baada ya msimu mmoja, 1981, kocha Howard Kendall akamchukua Everton kwa pauni 150,000.

#19 Kifundo
Nimesoma yote, na hakuna aliyetaja Dublin. Kwangu mimi sababu ni kifundo cha mguu.

Machi 26, 1986. Wales inacheza na Jamhuri ya Ireland, mechi ya kirafiki, Lansdowne Road. Uwanja ule ulikuwa wa raga, udongo umechimbuka. Southall karuka kudaka krosi, katua kwenye shimo. Kifundo kikatoka mahali pake na mishipa ikaharibika. Msimu wake ukaishia pale. Everton walikuwa kwenye mbio za ligi na FA kwa pamoja. Bobby Mimms akaingia golini, kijana mzuri, lakini hakuwa yule. Ligi wakaikosa kwa pointi mbili, Liverpool 88, Everton 86. Fainali ya FA wakaongoza kwa goli la Lineker, wakafungwa 3-1, na Liverpool hao hao. Vikombe viwili vimeondoka kwa shimo moja.

Najua uchungu wake. Mwaka 2009, kiwanja cha wilaya nisichokitaja, nilitua kwenye shimo la mguu wa goli la zamani ambalo lilikuwa halijafukiwa. Nilisikia mlio kabla ya maumivu, kama kuni kavu. Nilipotazama, kiatu kilikuwa kimeelekea pembeni na goti limeelekea mbele. Walinibeba kwa mlango wa choo, uliong'olewa bawaba. Klabu yangu, nayo siitaji, ililipa bodaboda ya kwenda hospitali na basi. Hadi leo nikishuka ngazi naanza na mguu wa kulia.

Southall alirudi Oktoba mwaka uleule na akatwaa ubingwa wa 1987. Lakini waliomwona kabla na baada wanasema kasi ya kuondoka chini haikuwa ile.

#20 Nyanda wa Mtaa
Pole sana Kifundo. Tungekuwa karibu ningekuja tukae.

Nakubali kuhusu kasi, ila naongeza jambo. Mwaka 1992 sheria ya pasi ya nyuma ilibadilika, kipa haruhusiwi kudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu. Makipa wa umri wake walilelewa mpira ukirudi unaubeba tu. Ghafla ana miaka 33 anaambiwa acheze kwa miguu, akibanwa na mshambuliaji. Kizazi kizima kilizeeka siku moja.

#21 BluuDamu
Lakini wakuu, huyo mnayesema kazeeka, 1995 Wembley kawafunga mdomo Manchester United. Rideout kafunga kwa kichwa kipindi cha kwanza, na kipindi cha pili Paul Scholes kaingia, kapiga, Southall kaokoa, mpira umemrudia Scholes palepale, kapiga tena, Southall kaokoa tena kwa miguu. Miaka 36. Na baada ya kombe hakwenda kwenye sherehe, aliwasha gari akaenda kwake.

#22 Mzee wa Redio
Huko kwenda kwake ndiko nilikokuwa nakusema. Mtu hanywi pombe, hapendi karamu, haongei na magazeti kwa mbwembwe. Nani atamkumbuka?

Agosti 1990, mechi ya kwanza ya msimu, Everton wanafungwa na Leeds 2-0 hadi mapumziko. Wenzake wakiwa bado chumbani, yeye akatoka akakaa chini, mgongo umeegemea mlingoti wa goli, peke yake mbele ya uwanja mzima. Watu wakasema anaigomea klabu.

#23 MtambaaPanya
Alikuwa anagoma. Alikwishaomba kuondoka kabla ya msimu.

#24 Nyanda wa Mtaa
Sikubaliani. Mwenyewe amesema mara nyingi alitaka kutuliza akili tu. Mimi mapumziko nilikuwa nakaa nyuma ya goli kila nilipofungwa ya kizembe, chumbani huwezi kufikiri, kila mtu anakuambia lake. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa natazamwa na mbuzi wawili na muuza karanga.

#25 Binti Kona
Na mimi huwa nagusa mlingoti wa kushoto nikirudi kipindi cha pili. Sijui kwa nini. Nikiugusa napumua vizuri.

#26 Kop254
Mnamtetea kwa kila jambo. Mchezaji anaacha maelekezo ya kocha wake akiwa nyuma 2-0, na Everton wakapoteza 3-2, bado ni sawa?

#27 Nyanda wa Mtaa
Kipindi cha pili Everton walifunga mbili na wakafungwa moja. Kama kukaa pale kulimdhuru, hakukudhuru sana.

#28 Chenga Mbili
Wakuu nje ya mada kidogo, hilo jina la mji aliozaliwa, Llandudno, linasomwaje? Herufi mbili za L mwanzoni.

#29 Cardiff kwa Sasa
Weka ulimi kama unataka kusema L, usitoe sauti, puliza hewa itoke pembeni mwa ulimi. Kama mtu anayefukuza kuku kwa mbali. Miezi sita ya kwanza nilikuwa nawaambia watu nakwenda "Landudno" na wanacheka kwa upendo. Mama mmoja ninayemhudumia alinikalisha chini akanifundisha kwa kushika mashavu yangu.

#30 Takwimu Tu
Kwa kuwa tumetoka nje ya mada: Wales ina historia nzito ya makipa. Leigh Richmond Roose, mzaliwa wa Holt karibu na Wrexham, alidakia Stoke, Everton, Sunderland na kwingine mwanzoni mwa karne ya 20, na Wales mara 24. Zamani hizo kipa aliruhusiwa kushika mpira popote ndani ya nusu yake ya uwanja. Roose alikuwa anatoka nao akiudundisha hadi karibu na mstari wa kati. Mwaka 1912 sheria ikabadilishwa, kipa ashike ndani ya eneo lake la hatari tu. Aliuawa vitani Somme, Ufaransa, Oktoba 1916. Kwenye mnara wa Thiepval jina lake likaandikwa kimakosa, "Rouse".

#31 Mzee wa Redio
Hata jina kwenye kaburi. Huyo ndiye aliyesahaulika kweli.

#32 BluuDamu
Mzee, Roose hana hata kaburi. Mnara ule ni wa wale ambao miili yao haikujulikana.

Turudi kwa wetu. Nilianza kuipenda Everton Julai 2017 walipokuja Dar kucheza na Gor Mahia, Uwanja wa Taifa, Rooney akafunga lile la mbali. Nikaenda kusoma historia ya klabu nikitafuta mafowadi, nikamkuta kipa. Kwa hiyo mimi sikumwona hata siku moja akicheza, na ndiyo maana nauliza nyie mliomwona.

#33 Chenga Mbili
92 zake bado ni rekodi ya Wales?

#34 Takwimu Tu
Hapana. Chris Gunter alimpita 2018, na Bale akavuka mia moja. Lakini ilikaa zaidi ya miaka 20. Mechi ya mwisho ni Istanbul, Agosti 1997, Uturuki 6 Wales 4. Alitolewa mapumziko, Paul Jones akaingia. Akaondoka Everton, akazunguka Stoke, Torquay, na Machi 2000 akadaka mechi moja ya ligi kuu akiwa Bradford City, na miaka 41.

#35 Kifundo
Hiyo ya Istanbul inaniuma kuliko Dublin. Mtu wa miaka kumi na tano ya utumishi anatolewa mapumziko.

#36 Cardiff kwa Sasa
Nawaongezea ya sasa. Baada ya mpira hakwenda runingani kuchambua. Alikwenda kufanya kazi na vijana walioshindikana shuleni na wenye mahitaji maalumu, Ebbw Vale, bonde lililokuwa la makaa na chuma. Na ukurasa wake wa mtandao aliwaazima watu wasiosikilizwa, wenye maradhi ya akili, wanaohangaika na dawa za kulevya, makahaba, waandike wao usiku mzima kwa jina lake. Nilisoma usiku mmoja baada ya zamu, mpaka chai ikapoa. Mtu aliyekuwa anafikiria kujiua alikuwa anajibiwa na watu mia.

Kwa hiyo huku, BluuDamu, hajasahaulika. Wanamkumbuka kwa jambo lingine.

#37 MtambaaPanya
Hilo ni zuri, lakini halijibu swali. Nabaki na Heysel.

#38 Kifundo
Dublin.

#39 Mzee wa Redio
Ni soksi zile. Watu wanakumbuka kwa macho.

#40 Kop254
Mimi nasema Rush. Kipa mkubwa anahitaji adui asiyemweza, na adui yake alimweza mara nyingi mno. Ila leo nimetazama ile ya Falco. Sikuwahi kuiona. Sina neno.

#41 Binti Kona
Mrejesho: mwalimu kaitazama kwenye simu yangu, kanyamaza, karudisha nyuma, katazama tena. Leo mazoezini kaweka koni mbili na kutuambia tusiruke mpaka mpira uondoke kichwani. Nimepitwa na kumi na nne. Nimedaka mmoja.

#42 Nyanda wa Mtaa
Mmoja siku ya kwanza ni mwingi. Magoti yanauma mbele au pembeni?

#43 Binti Kona
Mbele.

#44 Nyanda wa Mtaa
Basi uko sawa. Ikihamia pembeni niambie.